Mhusika wangu anafanana na wengine: je, nimeiba?

Swali: "Mwalimu, kwa muda wa miezi minane nimekuwa nikimchora msichana ambaye ndiye mhusika mkuu wa hadithi yangu ya picha. Ni tarishi anayepeleka barua kati ya miji miwili iliyo vitani. Ana nywele nyeupe, barakoa ya mbweha yenye michirizi myekundu, skafu ndefu nyekundu iliyochanika, mkono wa kushoto wa chuma, na upanga mkubwa mgongoni. Rafiki yangu, ambaye naye ni mchoraji, alipomwona alisema, 'Huyu nimeshamwona kwenye michezo mitatu ya video.' Sikunakili mchoro wa mtu yeyote, lakini tangu siku hiyo kila nikimtazama naona viraka vya kazi za wengine tu, na hii ni wiki ya sita sijashika penseli. Nimeambiwa kwamba ukibadilisha asilimia 30 ya kazi ya mtu inakuwa yako; je, ni kweli? Je, nimfute nianze upya? Na je, niache kabisa kutazama kazi za wachoraji wengine ili nisiambukizwe?"

Nianze na jambo ambalo naamini unalihitaji kabla ya maelezo yoyote: kwa jinsi ulivyoeleza, hujaiba kitu. Wakati huohuo rafiki yako hakukosea, wala sioni dalili kwamba alikuonea wivu. Mambo haya mawili yanaweza kuwa kweli kwa pamoja, na sehemu kubwa ya uchungu wako inatokana na kudhani kwamba moja likiwa kweli ni lazima lingine liwe uongo. Kufanana ni hali ya mchoro. Wizi ni kitendo cha mchoraji. Mchoro unaweza kufanana sana na mwingine bila kitendo hicho kuwapo, na kwa upande mwingine wizi wa dhahiri unaweza kukaa miaka mingi ndani ya mchoro ambao hakuna aliyeutilia shaka.

Sasa hiyo asilimia 30. Nimeisikia ikitajwa kwa namba mbalimbali, wengine husema 20, wengine 40, na hakuna hata moja yenye msingi katika sheria. Anachokitazama hakimu si kiasi ulichokibadilisha bali ni kile ulichokichukua, na kama ulichokichukua ndicho kilichoifanya kazi ya mwenzako ijulikane, mapambo mia utakayoongeza hayatakiondoa. Kanuni inayokubalika katika nchi nyingi, na iliyoandikwa waziwazi katika TRIPS, mkataba wa kimataifa wa miliki bunifu wa mwaka 1994 chini ya Shirika la Biashara Duniani, ni kwamba hakimiliki hulinda namna wazo lilivyotolewa, si wazo lenyewe. Tarishi wa vita ni wazo. Msichana mwenye mkono wa bandia ni wazo. Hakuna anayeyamiliki mawazo hayo.

Mfano unaoonyesha vizuri mpaka huu ulipo ni wa Superman, aliyebuniwa na vijana wawili, Jerry Siegel na Joe Shuster, na kuchapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1938. Shuster alisimulia kwamba namna Superman anavyosimama, miguu ikiwa imetanuka na mikono kiunoni, aliichukua kwa mwigizaji Douglas Fairbanks, na kwamba Clark Kent, yaani Superman anapojifanya raia wa kawaida mwenye miwani, alitokana kwa sehemu na mchekeshaji Harold Lloyd. Vazi la Superman linakumbusha wanamiereka na wababe wa sarakasi wa zama zile. Huo wote ni ukopaji, na hakuna aliyewashtaki kwa ajili yake. Mwaka uliofuata, mchapishaji mwingine akatoa mhusika aliyeitwa Wonder Man, na mwaka 1940 mahakama ya rufaa ya Marekani ikaamua kwamba huyo amevunja haki za wenye Superman. Majaji walieleza kwamba hawawapi wenye Superman umiliki wa wazo tupu la mtu mwenye nguvu za ajabu aliye baraka kwa wanadamu. Kilichomponza Wonder Man ni mpangilio: naye alificha vazi lake la nguvu chini ya nguo za kawaida, naye risasi zilimgonga zisimdhuru, naye aliponda bunduki kwa mikono yake, naye aliruka majengo marefu, naye alitangazwa kuwa mtu mwenye nguvu kuliko wote duniani anayewatetea wanaoonewa. Ukilitazama kila jambo peke yake utasema ni la kawaida. Yalipokusanywa pamoja kutoka kwa mhusika mmoja, aliye hai na anayeuzwa sokoni wakati huohuo, yakawa jambo jingine.

Hapo ndipo ninapotaka uweke jicho lako. Siegel na Shuster walichota kwa watu wengi, kutoka fani zilizo mbali na yao, wakachanganya kwa sababu zao wenyewe. Waliomtengeneza Wonder Man walichota kwa mmoja, kutoka rafu ileile.

Unaniambia hukunakili mchoro wa mtu yeyote, na ninakuamini, lakini ni lazima nikueleze kwa nini jibu hilo halitoshi. Kumbukumbu ya mwanadamu hutunza kitu vizuri zaidi kuliko inavyotunza habari za mahali kilipotoka. Mwaka 1989 wanasaikolojia Alan Brown na Dana Murphy waliwaketisha watu katika vikundi na kuwataka wataje kwa zamu mifano ya aina fulani ya vitu. Baadaye walipomtaka kila mmoja akumbuke yale aliyoyataja mwenyewe, kisha aongeze mapya ambayo hayakutajwa na yeyote, baadhi yao walirudia majibu ya wenzao huku wakiamini kwa dhati kwamba ni yao. Mwaka 1976 mahakama ya Marekani iliamua kwamba mwanamuziki George Harrison alikuwa amechukua muundo wa wimbo wa watu wengine pasipo kujitambua, na kutojitambua huko hakukumwokoa. Mimi mwenyewe niliwahi kuchora mlinzi wa lango mwenye mabega kama ya fahali, nikajivunia kwa mwaka mzima, hadi siku nilipofungua sanduku la vitabu vyangu vya utotoni nikamkuta amesimama juu ya jalada, na hata ufa wa ngao yake ulikuwa upande uleule. Sikuwahi kudanganya mtu. Nilikuwa nimesahau tu kwamba nakumbuka.

Kuna sababu ya pili, na nadhani hiyo ndiyo iliyokupata wewe. Mchoraji anapojiuliza "shujaa wa ajabu anaonekanaje?", akili yake haibuni, humletea wastani wa mashujaa wote aliowahi kuwaona, kwa sababu huo ndio ulio karibu na mlango wa kumbukumbu. Wachoraji wengine elfu waliocheza michezo ileile uliyoicheza wewe wanajiuliza swali lilelile na wanaletewa wastani uleule. Ndiyo maana rafiki yako hakusema amemwona katika mchezo mmoja, alisema mitatu. Kauli hiyo, ambayo wewe uliipokea kama hukumu, kwa upande wa wizi ni nafuu kwako, maana aliyefanana na watatu hajamwiba mmoja. Lakini kwa upande wa ubunifu ni onyo, kwa sababu inakuambia kwamba ulichora jibu la kwanza lililokujia.

Wakati mwingine kufanana huletwa na nyenzo za kazi wala si na kumbukumbu. Paka Felix wa mwaka 1919, sungura Oswald wa mwaka 1927 na panya Mickey wa mwaka 1928 wote wana miili myeusi, nyuso nyeupe na maungo ya duara, na ingawa wachoraji wao walitazamana kweli, kulikuwa pia na sababu ya mkono: aliyetakiwa kuchora umbo lilelile mara maelfu kwa ajili ya katuni ya filamu aliona kwamba duara na weusi uliojazwa ni rahisi kurudia kuliko pembe na mistari mingi.

Swali lako la kuacha kutazama kazi za wengine nalijibu kwa hapana isiyo na masharti. Mtu aliyetazama kazi tatu huzalisha wastani wa kazi tatu, na wastani huo hutambulika mara moja. Aliyetazama mia tatu hana namna ya kuzirudia zote. Unachopaswa kubadilisha ni mahali unapotazama. Osamu Tezuka, mchoraji ambaye katuni za Japani zina deni kwake kwa macho yale makubwa tunayozitambulia leo, alipenda sana katuni za Kimarekani za Walt Disney na za ndugu wawili wa familia ya Fleischer, na macho hayo yana asili huko. Lakini Tezuka alikuwa pia amesomea udaktari, na alipenda wadudu tangu utotoni kiasi cha kuongeza herufi yenye maana ya mdudu katika jina lake la kalamu. Alikuwa na visima ambavyo wachoraji wenzake hawakuvichota. Wewe nawe una vyako, viwe vya kazi uliyowahi kuifanya, ugonjwa uliouuguza au chombo unachojua kukitengeneza kwa mikono yako, na katika barua yako sikuona hata tone lake.

Sasa tumkalishe tarishi wako mbele yetu. Katika maelezo yako kuna mambo matano kuhusu sura na mavazi yake, na sentensi moja tu kuhusu kazi yake. Mavazi hayo matano ningeweza kumvika shujaa yeyote, na sentensi ile moja ndiyo isiyo ya mtu mwingine. Mbunifu wa michezo ya video Shigeru Miyamoto alipomwandaa Mario kwa ajili ya mchezo wa mwaka 1981, baada ya mpango wa kumtumia Popeye, mhusika wa katuni, kukwama, alikuwa na nukta chache sana za kuchorea kwenye skrini. Masharubu yaliifanya pua ionekane bila kuhitaji mdomo, kofia ilimwepusha na kazi ya kuchora nywele, na ovaroli ilitofautisha mikono na kiwiliwili ili mwendo wake uonekane. Kila kipande cha mavazi yale kilijibu tatizo, na kwa kuwa matatizo yalikuwa ya mahali pale, majibu nayo yakawa ya pale. Nataka kila kitu alichovaa tarishi wako kijibu tatizo la tarishi.

Nywele nyeupe hazijibu lolote, ziondoe. Upanga ndio unaonisumbua zaidi. Walinzi wa malango ya miji miwili iliyo vitani watamruhusuje kupita mtu mwenye silaha kubwa hivyo mgongoni? Upanga unamfanya askari, na askari wa upande mmoja hawezi kuwa tarishi wa pande mbili. Uondoe, kisha utazame mgongo wake unavyobaki wazi, na ujiulize mtu anayebeba mzigo wa barua kwa miaka anasimamaje. Bega lipi limeshuka? Viatu vyake vimelika upande gani? Nina hakika kurasa mbili za michoro ya namna hii zitakupa umbo ambalo rafiki yako hajaliona popote.

Mkono wa chuma unaweza kubaki, ila kwa sharti kwamba ujue nani aliutengeneza na kwa vifaa gani, maana katika mji ulio vitani chuma huenda kwenye silaha kwanza. Kama aliyeutengeneza ni seremala, basi ni wa mti na kamba za ngozi, na tayari umeachana na mikono yote inayong'aa ya michezo uliyoicheza. Au uache uwe wa chuma, na umpe kazi: huo ndio mkono unaoshika lakiri ya moto bila kuungua anapofunga barua. Skafu nayo, badala ya kuchanika kwa sababu michaniko inapendeza, ichanike kwa sababu yeye huipasua vipande vya kufungia mafungu ya barua, na katika kila sura ya hadithi skafu hiyo izidi kuwa fupi. Hayo ni mapendekezo tu. Ukija na sababu zako, zitakuwa bora kuliko zangu.

Barakoa nimeiacha mwisho kwa makusudi. Barakoa za mbweha za aina unayoieleza asili yake ni Japani, ambako mbweha ni mjumbe wa Inari, mungu anayehusishwa na mpunga, na kwenye mahekalu ya Inari husimamishwa sanamu za mbweha ambazo mara nyingi zimeshika kitu mdomoni: ufunguo, kito, mganda wa mpunga, au gombo. Tafadhali irudie sentensi hiyo polepole. Wewe ulimvika tarishi wako barakoa uliyoiona mahali ambapo iliwekwa kwa kuwa inavutia, na katika kupita mkono hadi mkono maana yake ilikuwa imedondoka njiani, kwamba mbweha huyo ndiye mpeleka ujumbe. Ungekwenda hatua moja nyuma ya mchezo, hadi kwenye chanzo chenyewe, ungemkuta tarishi wako akikusubiri. Mchoraji wa katuni wa Kijapani Akira Toriyama alifanya safari ya namna hiyo mwaka 1984 alipomchukua shujaa wake Goku kutoka kwa Sun Wukong, mfalme nyani wa masimulizi ya kale ya Kichina: mkia, fimbo inayorefuka na wingu la kupanda vilitoka huko waziwazi, kisha hadithi ikashika njia yake yenyewe.

Ukishakifikia chanzo, una njia mbili, na sitakuchagulia. Unaweza kuibakiza barakoa kwa kuisoma kwa bidii na heshima, ukikumbuka kwamba imani hiyo ina watu wanaoishi nayo leo, wala si pambo lililookotwa jalalani. Au unaweza kuiacha barakoa na kuchukua lile lililo ndani yake: msichana ambaye, mikono yote miwili ikiwa imeshika ukuta anaoupanda, ameing'ata barua kwa meno. Moyo wangu unaelekea kwenye njia ya pili, kwa sababu ishara moja ya mwili humtambulisha mhusika kuliko mavazi kumi, lakini nimeona wachoraji makini wakifanya kazi nzuri kwa ile ya kwanza.

Je, umfute? Sikushauri, na pia sitakudanganya kwamba hakuna hali inayodai hivyo. Chukua karatasi, andika kila sifa yake, na mbele ya kila moja andika mahali ulipoiona mara ya mwisho, kwa ukweli hata kama unauma. Ikiwa sifa tano zimetoka mahali patano, una mhusika wa kawaida anayehitaji kufanyiwa kazi kama nilivyoeleza. Ikiwa tatu au nne zinarudi kwa mhusika mmoja, hasa zile ambazo watu humtambua kwazo, basi mweke huyo msichana kabatini na umwanze mwingine kutoka kwenye ile sentensi ya tarishi. Hiki si kipimo cha sheria. Ni kipimo changu cha mezani, na kimeniepusha na aibu zaidi ya mara moja. Njia ya tatu, ya kumwacha alivyo, inafaa kabisa kama unachora kwa ajili ya mazoezi na daftari lako, kwa kuwa hata kunakili mstari kwa mstari ni njia ya zamani na halali ya kujifunza, mradi usiitangaze nakala kuwa ni kazi yako.

Yapo mambo ambayo barua haiwezi kuyamaliza. Kabla ya kutia sahihi mkataba na mchapishaji, kabla ya kuuza bidhaa zenye sura ya mhusika wako, na mara tu utakapopokea barua ya mtu anayedai umemwibia, nenda kwa wakili wa miliki bunifu katika nchi yako, ukiwa umebeba michoro yako yote ya awali yenye tarehe. Usiitupe kamwe michoro hiyo, hata ile mibaya, kwani ndiyo inayoonyesha njia uliyopita. Wakili atakueleza pia jambo linalowachanganya wengi: mhusika anaweza kulindwa kwa hakimiliki na kwa alama ya biashara kwa wakati mmoja, na muda wa ulinzi huo haulingani. Mickey wa kwanza wa mwaka 1928 alitoka katika hakimiliki ya Marekani tarehe 1 Januari 2024, lakini sura zake za baadaye na alama za biashara za kampuni ya Disney hazikutoka naye.

Kwa upande wa uchoraji wenyewe, mtafute mchoraji mwenye uzoefu ambaye unaweza kuketi naye uso kwa uso, akutazame unavyochora, kwa sababu mazoea mengine huonekana tu wakati penseli ikitembea. Na ikiwa hizo wiki sita zitakuwa miezi, au ukiona kwamba hofu hii imegusa usingizi wako na mambo yasiyo ya kuchora, zungumza na mshauri nasaha. Kukwama kwa namna hiyo kuna watu waliosomea kukusaidia.

Kwa leo nakuomba umchore upya mara ishirini, kila mchoro usizidi dakika mbili, akiwa kazini: anasubiri langoni, anavuka maji, amelala juu ya mfuko wa barua ili usiibwe. Chagua mmoja, ujaze umbo lote kwa wino mweusi hadi uso na mavazi vipotee, kisha umpelekee rafiki yako yuleyule. Usimwulize anafanana na nani. Mwulize anafanya kazi gani.